Henrietta na Sehemu ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 6 Machi 1916

Nimekufa tena leo. Mara ya tatu tangu Krismasi! Safari hii risasi ya tumbo. Mshale wa mwezi uliopita ulikuwa na starehe zaidi — niliufia nikiwa nimekaa.

Kazi yenyewe si ngumu. Filamu ya mfululizo ina sehemu kumi na tano, na karibu kila sehemu lazima mzee fulani afe ili vijana wapate sababu ya kukimbizana na farasi. Mzee huyo ni mimi, Orrin Tackett. Nikiwa na ndevu nakufa na ndevu. Wananinyoa, wiki ijayo nakufa kama mtu mwingine. Uso kama wangu, wa kiatu kilichosahauliwa mvuani, nani ataukumbuka?

Leo nilikuwa baba yake Dovie. Dovie Lamar ndiye binti wa hadithi, ndiye anayening'inia kwenye madaraja na mabehewa, na kweli ananing'inia, hana woga hata punje. Shujaa wetu wa kiume yeye, badala ya farasi, anapanda pipa lenye mkia.

Dreyer, mwongozaji, katoka kwenye majukwaa ya New York. Anavaa buti za kupandia farasi na hajapanda hata mbuzi. Anaongea kwa tarumbeta la bati la kukuzia sauti, hata ukiwa umesimama mbele ya pua yake.

"Mzee Tackett! Maneno ya mwisho! Tikisa mdomo!"

"Niseme nini?"

"Chochote! Nani atakusikia? Sinema haina sauti!"

Kweli. Basi nikaushika mkono wa Dovie, nikamtazama kwa huruma, nikanong'ona: "Binti yangu, mwambie Dreyer suruali yake imepasuka nyuma, na ya ndani ni nyekundu." Dovie akafunika uso, mabega yakamtikisika. Wakadhani kilio! Dreyer akasema nimekufa vizuri kuliko nilivyoishi.

Alhamisi, 23 Machi

Haya ninayoandika nayaandika nyuma ya karatasi za hadithi. Mwandishi wa kampuni anatupa nyingi kuliko anazotumia, nami sipendi karatasi nzuri iende na upepo. Kwa kawaida sisomi upande wa pili. Nasoma polepole, na ni upuuzi.

Leo nimesoma.

Sehemu ya kumi na mbili. Gari la barua na farasi mweupe wanatumbukia ziwani kutoka juu ya jabali.

Farasi mweupe hapa ni mmoja. Henrietta.

Nimeisoma mara nne. Sikukosea. Chakula cha mchana sikula — na kilikuwa maharage na nyama ya chumvi.

Ijumaa, 24 Machi

Henrietta nimempa jina la mama mkwe wangu. Wote wawili wana miguu mizuri, meno marefu, na hawajapata kukubaliana nami hata siku moja. Farasi nimempenda zaidi. Miaka kumi na minne tumevuta barua pamoja kule Nevada. Siku moja mvua imenyesha, nikamchapa avuke daraja, akagoma. Nikamtukana, na mama yake, na mama mkwe. Akasimama tu. Nikashuka nimwonyeshe njia — daraja halikuwepo! Mto umelibeba. Mbao mbili zimebaki upande wetu, za kudanganyia wapumbavu.

Halafu mimi nikamuuza. Siku niliyoajiriwa hapa kampuni ilitutaka wote: gari, farasi na mzee. Niliweka sahihi. Nilikuwa na njaa. Sitaki kuandika zaidi juu ya siku hiyo.

Leo nimemfuata Dreyer. Nimevua kofia kabisa.

"Bwana, lile jabali. Mtaweka farasi wa mbao, sivyo?"

"Farasi wa mbao hapigi mateke akianguka. Watu wanataka mateke."

"Ana miaka ishirini na miwili."

"Basi ameishi, mzee."

"Na wewe una mingapi?"

Akachukua tarumbeta, akapiga kelele mle ndani kwamba anataka kahawa.

Alhamisi, 6 Aprili

Makubwa! Barua imekuja kwa Dreyer kutoka kwa mwalimu wa shule ya viziwi huko kaskazini. Jumamosi aliwapeleka wanafunzi wake kuangalia sehemu ya pili. Ukumbi mzima unalia, baba anakufa mikononi mwa binti — wanafunzi thelathini wanagaragara kwa kicheko. Kawauliza, wakakataa kusema. Kawanyima pai, wakasema. Kumbe wao wanasoma midomo! Kwenye kitambaa cha sinema imeandikwa "Linda heshima ya jina letu," na mimi pale juu, mdomo wangu mpana kama mlango wa zizi, natangaza rangi ya nguo ya ndani ya Dreyer.

Dreyer kaisoma barua kwa sauti mbele ya watu wote. Alipofika kwenye suruali akaacha. Mkono wenyewe ukaenda nyuma kupapasa. Bado imepasuka!

Dovie kaanguka chini kwa kicheko.

Nilijua nimefukuzwa. Nilishaanza kumpa Henrietta kwaheri. Lakini mkubwa wa kampuni, Bwana Applegate, ameleta habari kwamba katika mji ule tiketi za sehemu ya tatu zimekwisha kabla ya Jumamosi. Viziwi wote wanakuja kuona nitasema nini. Kwa hiyo nabaki. Ila, kasema Dreyer, atatafuta mlinzi wa mdomo wangu.

Jumatatu, 10 Aprili

Mlinzi amefika. Tobias Wren, fundi cherehani, kiziwi tangu ana miaka mitatu. Mrefu, mkimya — eh, nimeandika nini! — ana kibao cha kuandikia shingoni na chaki sikioni. Kazi zake ni mbili: kushona, na kukaa kando ya kamera kumwambia Dreyer nilichosema. Kazi ya kwanza kabisa: suruali ile.

Nilimsalimia vizuri. Nikasema, "Karibu, mpelelezi." Akaandika: "Asante, mzee. Una kipande cha maharage kwenye jino."

Jumanne, 11 Aprili

Kanichongea! Nilikuwa nakufa kwa maporomoko ya mawe. Nikasema tu kwamba shujaa wetu ananuka vitunguu. Kitu kidogo! Tobias kaandika neno kwa neno, Dreyer kasoma, nimekufa upya mara tano mpaka mawe ya karatasi yakapasuka.

Jioni nilipita karibu naye nikiwa nimefunika mdomo kwa kofia, nikamwambia yote ninayomfikiria. Nilijisikia vizuri.

Jumatano, 12 Aprili

Henrietta amekula futi ya Tobias ya kupimia nguo. Yote, na kile chuma cha mwisho. Nikakimbia kuokoa — kuokoa futi, si fundi — nikamkuta Tobias amemwekea paji la uso kwenye shingo, amesimama tu. Farasi anatafuna. Nami nikasimama.

Baadaye akaandika kwenye kibao, akafuta, akaandika, kama mara sita, maana kibao ni kidogo. Baba yake aliuza maziwa kwa gari la farasi, na farasi wao alikuwa mweupe. Tobias mdogo alikuwa anatembea mbele yake barabarani. Gari likija nyuma, farasi alimsukuma kwa pua, pembeni. "Alikuwa masikio yangu," kaandika.

Nikamwonyesha karatasi ya sehemu ya kumi na mbili. Aliisoma haraka kuliko mimi. Akafuta kibao kwa mkono wa shati, akaandika herufi kubwa:

"Kesho unakufa?"

"Saa tano," nikamwambia.

"Kufa ukiwa umegeukia kamera."

Alhamisi, 13 Aprili

Sehemu ya saba. Mimi mchimba dhahabu, nimechomwa kisu, nimelala, Henrietta nyuma yangu anang'aa kama shuka. Mpiga picha akaanza kuzungusha mkono wa kamera. Nikavuta pumzi ya mwisho, nikasema polepole, bila sauti, kila neno nikilipa nafasi yake:

"Ninyi mnaosoma midomo, nisikilizeni kwa macho. Huyu farasi mweupe ni Henrietta. Kwenye sehemu ya kumi na mbili watamtupa ziwani kutoka juu ya jabali. Kweli, si mchezo. Iandikieni kampuni. Mwambieni kila mtu. Na Dreyer ni gunia la pumba."

Nikafa.

Dreyer kamgeukia Tobias. "Kasema nini?"

Tobias kaandika kwa mwandiko wake mzuri wa risiti: "Mungu ibariki California na watu wake wote."

Dreyer kavua kofia! Akasema hata mimi ninaweza kubadilika.

Tobias hakunitazama. Ila masikio yake, yale yasiyofanya kazi, yalikuwa mekundu.

Ijumaa, 28 Aprili

Hakuna jipya. Bado filamu ile haijafika kwenye majumba. Mafundi wanajenga ubao juu ya jabali: mpana, umepakwa mafuta ya nguruwe, umekaa nusu ardhini nusu hewani. Farasi akikanyaga unainama, naye anateleza. Kazi safi. Nimewasalimia mafundi, wameangalia nyundo zao.

Henrietta anashangaa kwa nini nampa tufaha kila siku. Anakula kwa wasiwasi.

Jumamosi, 6 Mei

Tumeenda sinema mchana, mimi na Tobias. Sehemu ya saba! Nilijikunyata kwenye kiti. Uso wangu ulipotokea ukutani nilitaka kujiomba radhi.

Mpiga piano anapiga kitu cha huzuni. Safu ya nyuma yetu wamekaa wanawake watatu, wanaongea kwa mikono. Nikaanza kusema pale juu — mikono yao ikasimama hewani. Nilipofika kwenye jabali, mmoja akainuka wima. Watu nyuma yake: "Kaa chini, mama!" Hakusikia, atasikiaje? Nilipofika kwenye gunia la pumba, wakarudi kukaa wote watatu na kupigana makofi ya mgongo.

Tobias alinibana goti mpaka sasa nachechemea.

Njiani kaniandikia kwamba shule za viziwi zina magazeti yao. Wanafunzi wanapiga chapa wenyewe, shule hii inanakili habari ya shule ile. "Wiki moja," kaandika, "itafika Ohio."

Ijumaa, 12 Mei

Gunia zima! Barua! Mtu wa posta kalitupa mbele ya ofisi, vumbi likaruka. Kutoka Ohio, ambako filamu imeyatangulia magazeti, kutoka Kansas, kutoka miji ambayo sikujua ina watu. Moja imeandikwa na wanafunzi wote wa darasa, kila mtu neno lake. Dovie alitusomea kwa sauti, sauti ikamkatika — safari hii si kicheko. Nilimbusu Henrietta puani. Alinipiga chafya.

Kisha gari la Bwana Applegate likaingia. Kashuka, kanijia moja kwa moja, kanitikisa mkono kama anapampu maji.

"Mzee! Wewe ni hazina!"

"Kwa hiyo mmefuta?"

"Tufute? Tufute nini?" Kafungua gazeti. Ukurasa wa mbele, picha ya Henrietta, na chini yake: JE, HENRIETTA ATAKUFA? JIONEE MWENYEWE, SEHEMU YA KUMI NA MBILI. "Nchi nzima inauliza! Nitaweka kamera tatu, mzee. Tatu!"

Nikakaa juu ya ndoo. Haikuwa tupu.

Jumapili, 14 Mei

Siku ya mapumziko, hakuna aliyepumzika. Tobias kaja zizini. Kaandika kwenye kibao: "Tuliwaambia wenye huruma. Tukasahau kwamba wenye tiketi nao wanasoma."

Nikamwambia nina mpango mmoja tu umebaki. Jana nilimwomba Dreyer niendeshe lile gari mwenyewe. Kafurahi. Kasema akipunga kitambaa cheupe niruke, Henrietta na gari waendelee. Nikasema ndiyo, bwana.

Tobias kanitazama mdomo, kisha macho. "Utaruka?"

"Nimesema ndiyo, bwana. Sijasema nitaruka nimwache Henrietta."

"Unajua kuogelea?"

"Tangu lini dereva wa Nevada akajua kuogelea? Tulikuwa tunaoga kwa kikombe."

Hakucheka. Aliuliza picha ya jabali inapigwa Jumanne saa ngapi. Saa nne, nikasema. Akainuka, akavaa koti, akaenda upande wa stesheni. Kwenye telegrafu, nadhani, kuagiza vitu vya ushonaji. Mtu na kazi yake.

Mwenyewe sijui kama nitaruka. Naandika ili nione kama mkono utasema. Mkono nao haujui.

Jumanne, 16 Mei

Juu ya kiti cha gari. Naandika gotini. Mbele yangu masikio mawili meupe, mbele ya masikio njia kama hatua mia, mwisho wa njia ubao wa mafuta, baada ya ubao hakuna kitu. Chini kabisa ziwa.

Saa nne imepita. Jua hakuna. Wingu moja, nene, limekaa juu yetu kama kuku anayeatamia. Bila jua kamera hazioni kitu. Kamera tatu zimefunikwa vitambaa. Applegate anaangalia saa. Dreyer anaangalia wingu na kulipigia kelele kwa tarumbeta. Suruali mpya, naona.

Dovie kaja kunishika mguu. "Babu Orrin, ukisikia kitambaa, ruka. Niahidi."

"Kitambaa hakisikiki, binti."

"Usinichezee leo."

Nikamwambia aende zake, vumbi linaniingia machoni.

Baadaye kidogo — nini hiki? Watu wanapanda mlima kutoka upande wa reli. Wengi. Wanaume wa tai, akina mama wa kofia kubwa, vikapu. Sauti hawana, ila viatu. Mbele yao Tobias! Wamekuja kuangalia, kumbe. Hata wao. Nimetaka kumtukana, nikakumbuka yuko mbali, nikamtukana pole pole kwa midomo tu, ayaone vizuri. Kaona. Kavua kofia, kaniinamia.

Kama sitini hivi. Hawasimami pembeni na watu wa kampuni. Wanakuja njiani. Wanatandika mablanketi — njiani! Kati ya Henrietta na ubao! Wanakaa. Wanatoa mkate, kuku baridi, mayai, chupa za limau. Yule mama wa sinema, aliyesimama siku ile, anammenyea mwenziwe yai.

Dreyer: "Ondokeni hapo! Ninyi! Ondokeni!"

Hakuna anayegeuka. Tarumbeta la bati limemfunika mdomo wote! Anaona hawaelewi, anapiga kelele zaidi. Anazidi kuliingia lile tarumbeta, hata pua haionekani.

Nimecheka mpaka kofia ikadondoka.

Msaidizi wake kawaendea kwa ishara za mikono, fyuu, fyuu, pembeni. Mzee mmoja mwenye mvi kamjibu kwa ishara. Sijui maana yake, lakini meza nzima — blanketi zima — limevunjika mbavu. Msaidizi karudi mwekundu.

Dovie kaingia katikati yao na nguo zake za sinema, kakaa, kapewa paja la kuku.

Jua! Wingu limepasuka. Mwanga juu ya ziwa, juu ya ubao, juu ya mgongo wa Henrietta — unaumiza macho. Vitambaa vinatoka kwenye kamera. Applegate anapiga kelele jua hili ni la nusu saa, nusu saa tu! Mtu kamnong'oneza Dreyer sikioni, na Dreyer kalitazama tarumbeta kama nyoka aliyemshika kwa bahati mbaya. Kaliweka chini. Mara ya kwanza naona kidevu chake, kidogo, kina shimo. Anawaendea na mdomo wake mtupu. Anasimama mbele ya Tobias, anaufungua vizuri, apate kusomeka —

Tobias amefumba macho.

Mama wa yai kafumba. Mwenye mvi kafumba. Blanketi kwa blanketi, wote sitini, mkate mkononi, nyuso juani, macho yamefungwa. Dovie naye kafumba, na yeye anasikia kuliko mbwa! Dreyer anageuka huku na huku, mdomo wazi, hana mtu hata mmoja wa kumwambia kitu.

Sasa ananiona mimi.

Anakuja mbio. Masikio yangu ni mazima, bahati mbaya. Anasema nishike hatamu, niwapitie hivyo hivyo, wataruka wenyewe wakihisi kwato. Nimemwonyesha kalamu. Mtu anayeandika hawezi kushika hatamu, bwana, ngoja nimalize hii sentensi moja. Na sentensi yenyewe, Mungu akipenda, nitaifanya ndefu, nitamtia humo Henrietta, ambaye amenyoosha shingo na kufikia kofia ya mama mmoja yenye maua na ameanza kwenye maua, na kuku baridi, na daraja la Nevada lililokuwa halipo, na siku ile niliyoweka sahihi nikiwa na njaa, na Dreyer anayepanda gurudumu sasa hivi kwa buti zake nzuri ili aninyang'anye karatasi na ambaye hajawahi kupanda kitu chochote kwa hiyo anateleza na kuanza upya, na lile wingu jingine ninaloliona kule juu ya milima, dogo, kama leso, lakini linakuja upande wetu, linakuja, na